Barua ya wazi kwa viongozi wa wilaya yetu: huo msaada wa kisheria wa bure uko mlango gani?

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Msajili Msaidizi wa Watoa Msaada wa Kisheria (najua upo, kukupata ndio kazi).

YAH: MSAADA WA KISHERIA WA BURE TUSIOUJUA MLANGO WAKE

Waheshimiwa, salaam nyingi. Walionizidi umri shikamooni, tunaolingana habari za kazi.

Mimi ni yule dada wa stesheneri, kibanda cha bluu mkabala na Baraza la Ardhi na Nyumba. Natoa fotokopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nauza bahasha za kaki na peni. Jina la wilaya silitaji na majina ya watu siyataji, sio kwamba naogopa, ni kwasababu mkisoma kidogo tu wenyewe mtajijua, na wa wilaya zingine wakijiona humu basi barua ni yao pia, wasione aibu kuichukua.

Sijakurupuka kuja hadharani. Mwezi wa tatu nilileta barua masjala, nakala yangu yenye muhuri wa kupokelewa ninayo hapa kwenye droo. Mwezi wa tano nikaandika tena kupitia kwa mtendaji wa kata nikaambiwa imeshapanda juu. Mwezi wa saba kwenye mkutano wa hadhara nilinyoosha mkono nikauliza mbele za watu, mkanijibu "hilo tumelichukua", watu wakapiga makofi, nikakaa. Sasa ni mwezi wa kumi. Sijui haya mnayoyachukua mnayaweka wapi ila hiyo stoo lazima ni kubwa.

Niwaambie kwanza kilichoninyima usingizi.

Kuna mama mmoja alikuja kibandani asubuhi, mtu mzima, amefunga karatasi zake kwenye pindo la kanga kama watu wanavyofunga hela. Akaniambia mwanangu nitolee nakala tatu, nimeambiwa nikate rufaa. Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na uamuzi wa baraza kurasa saba, umekunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo umeanza kuchanika, cheti cha kifo cha mume wake, na risiti ya kile kitabu cha dukani, imeandikwa kwa peni "malipo ya mwanasheria 80,000", haina jina wala muhuri. Nikaweka karatasi ya kwanza kwenye mashine, umeme ukakatika. Nikamwambia mama kaa hapo kwenye benchi, huenda ukarudi sasa hivi.

Tukawa tunaongea. Mume wake alifariki akaacha shamba la mikorosho, shemeji zake wakauza nusu kwa mfanyabiashara mmoja, yeye akaenda baraza la kata, akapanda mpaka hapa baraza la wilaya, na hapa wakamwambia "umeshindwa". Nani alimwambia umeshindwa? Yule yule wa risiti. Kwasababu uamuzi wenyewe umeandikwa kiingereza, na hii ni baada ya Bunge kubadilisha sheria mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria na ya mahakama nchini ni Kiswahili. Mimi kiingereza changu ni cha kuombea maji, nikajitahidi kusoma ukurasa wa mwisho, sikuelewa kitu zaidi ya kwamba kuna neno msimamizi wa mirathi limerudiwa rudiwa.

Sasa bahati ya mama (naiita bahati kwasababu hakuna mahali pengine pa kuiweka) akapita mzee mmoja wa kata ya jirani amekuja kuchapa ratiba ya kikoba chao. Huyu mzee ni msaidizi wa kisheria, wale tunaowaita maparalegali, amesomea na ana kitambulisho. Akakuta umeme hakuna, akakaa naye kwenye benchi. Nikamwomba aangalie zile karatasi. Akavaa miwani, akaegemea mashine yangu ya fotokopi, akasoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Alafu akasema, mama, wewe hujashindwa shamba. Kesi yako haijasikilizwa. Mwenyekiti ameiondoa tu kwasababu ulidai mali ya marehemu wakati hakuna aliyekuteua kuwa msimamizi wa mirathi. Kuondolewa ni kitu kimoja na kutupiliwa mbali ni kitu kingine, iliyoondolewa unaweza kurudi nayo ukiwa umekamilika. Nenda Mahakama ya Mwanzo ukafungue mirathi, wakikuteua ndio urudi hapa na barua yako ya usimamizi. Mama akauliza, na ukoo ukikataa kukaa kikao? Maana hao ndio waliouza. Mzee akamwambia muhtasari wa ukoo unasaidia lakini wakigoma hujafungiwa mlango, unaenda unaieleza mahakama kwamba wamegoma na kwanini wamegoma.

Dakika kumi. Nilikuwa naangalia saa ya simu kwasababu ya umeme, ni dakika kumi, na hakumtoza hata mia.

Mama akanyamaza kidogo alafu akauliza kitu kimoja tu: "Kwahiyo ile elfu themanini nilitoa ya nini?"

Waheshimiwa, hilo swali silijibu mimi. Umeme ungekuwepo asubuhi ile mama angechukua nakala zake tatu, angenilipa hela yangu, angeenda kukata rufaa ya kitu ambacho hakikuhitaji rufaa. Yaani haki ya mtu katika wilaya yetu imeokolewa na kukatika kwa umeme. Sasa naingia kwenye malalamiko yenyewe, nimeyapa namba ili msije mkasema hayaeleweki.

1. Mlango haujulikani.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ipo, nimeichapa mara nyingi kwa wanafunzi wa chuo. Inasema mtu asiye na uwezo wa kumlipa wakili apate msaada bila malipo, kuna Msajili kwenye Wizara ya Katiba na Sheria, na huku mikoani na wilayani kuna wasajili wasaidizi, ambao ni maafisa maendeleo ya jamii. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana. Sasa njooni tutembee pamoja kwa miguu mpaka kwenye hiyo ofisi yenu. Juu ya mlango pameandikwa "Maendeleo ya Jamii", basi, neno sheria halipo popote. Foleni iliyopo ni ya vikundi, wamama na vijana wanafuatilia mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Mlinzi wa getini ukimuuliza msaada wa kisheria uko wapi anakuonyesha barabarani, yaani anakurudisha mjini kwa mawakili.

Yule mama alikuja hapo mara nne, na mi namwamini kwasababu anazikumbuka kwa nauli. Mara ya kwanza afisa yuko semina. Mara ya pili yuko vijijini. Mara ya tatu akamkuta binti wa ofisini akamwambia mama hapa ni mambo ya vikundi, mambo ya ardhi nenda ardhi, akaenda ardhi, ardhi wakamwambia kesi ikishafika baraza sisi hatumo. Mara ya nne kufuli. Nauli yake kwenda na kurudi ni 9,000, zidisha mara nne ni 36,000, weka na zile 80,000, huduma ya bure imemla laki moja na elfu kumi na sita kabla hajaipata, na alipoipata hakuipata kwenu.

2. Siku hazisubiri mtu arudi semina.

Hili naomba mlisome taratibu. Ukishindwa baraza la ardhi la wilaya unazo siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo unazo siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya. Siku zinahesabika hata kama wewe unauguliwa, hata kama ni msimu wa kilimo, hata kama ofisi ya kukuelekeza imefungwa. Nimeshawachapia watu waliokuja siku ya 50, ya 60, mmoja alikuja mwaka mzima umepita anashangaa kwanini hawampokelei. Ni kweli unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini hiyo nayo ni maombi yenye kiapo na inabidi utoe sababu ya maana ya kuchelewa. Sasa mtu ataapaje kwamba "nilikuta kufuli"? Kufuli linathibitishwa na nini, apige picha?

Alafu kuna jambo la mabaraza ya kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata kwenye ardhi kazi yake ni kusuluhisha tu ndani ya siku 30, wakishindwa wanawaandikia mnapanda juu. Haliamui tena nani mwenye shamba. Lakini mpaka leo naletewa kutolea nakala "hukumu ya baraza la kata", ina mlalamikaji na mlalamikiwa, ina mpaka faini, na mtu ameshaihama nyumba kwasababu amehukumiwa. Wajumbe wenyewe wengine ni wazee wetu wa heshima, hawajaambiwa. Kama wajumbe hawajui je anayesimama mbele yao?

3. Vishoka, na hapa nami najitaja.

Nje ya baraza chini ya ule mwembe kuna watu wanne watano wana mikoba na wana kalamu mfukoni, mnawaona kila siku mkipita na magari. Sio mawakili. Wakili unaweza kumhakiki kwa jina lake, hawa ukiwauliza jina kamili wanakasirika. Wanavyofanya ni hivi: anakaa kwenye benchi za baraza kama ana kesi, akimuona mtu anatoka analia anamfuata, anamwambia nipe hizo karatasi niangalie, akishazishika ndio basi, kuzirudisha ni hela. Anaandika "barua ya rufaa" ambayo mara nyingine haiendi hata mahakamani, nimeshaona moja imeelekezwa kwa Mkuu wa Wilaya, yaani kwako mheshimiwa, labda unayo mezani na unajiuliza hii imekujaje.

Na mi nimewachapia. Nasema ukweli maana barua hii ikianza kutembea mtu atasema mbona na yeye analamba humo humo. Nachapa ukurasa kwa 2,000, nilikuwa sisomi, nachapa tu kama mtu anavyosaga mahindi, mwenye gunia anajua mwenyewe ni ya ugali au ya pombe. Siku ya yule mama ndio niliacha. Sasa akija kishoka namwambia mtandao hakuna, hata kama kuchapa hakuhitaji mtandao, naye anajua.

Lakini kuwafukuza hawa peke yake msije mkadhani ndio dawa. Mwaka juzi mliwaswaga, mgambo wakaja, walikaa wiki mbili wakarudi. Wanarudi kwasababu mtu anayetoka baraza na karatasi asiyoielewa lazima amuulize mtu, na aliyepo pale ni wao.

4. Wasaidizi wa kisheria tunao, mmewaacha kama yatima.

Kwenye wilaya hii wapo, nimewahesabu mwenyewe kwa kuuliza uliza, wawili watatu kwa kata baadhi, kata zingine hakuna. Sheria imewapa kazi zinazoeleweka, kutoa elimu, kumsaidia mtu kupata nyaraka, kumwelekeza kwenye chombo sahihi, kushauri watu wapatane. Hawasimami mahakamani kama mawakili na hawatozi hela, hilo wanalijua na wanalifuata kuliko vishoka wanavyofuata chochote. Ila hawana chumba. Yule mzee "ofisi" yake ni baraza la nyumba yake na meza ya kulia chakula. Nauli ya kumsindikiza mtu dawati la jinsia anatoa mfukoni kwake, alafu siku ya maadhimisho mnampa fulana avae asimame mstari wa mbele apigwe picha. Fulana anazo sita, ameniambia anazilalia.

5. Walioko mahabusu.

Sheria ile ile inataka polisi na magereza pawe na utaratibu wa mtu aliyeko ndani kufikiwa na msaada wa kisheria, na jaji au hakimu akiona mshtakiwa hana uwezo na haki inataka awe na wakili, anaweza kuagiza apatiwe. Huku kwetu kijana wa bodaboda akikamatwa familia inaanzia kwa kishoka, wanachanga laki na nusu "ya dhamana", wakati kwenye ukuta wa kituo pana bango kubwa dhamana ni bure. Hilo bango nalisifu, angalau lipo, hata asiyejua sheria akilisoma anapata pa kuanzia kubishia. Sisi bango letu la msaada wa kisheria liko wapi?

Sasa najua mtakachojibu, nimeshakaa kwenye mikutano yenu ya kutosha.

Mtasema kampeni ya Mama Samia ya msaada wa kisheria ilishafika. Ni kweli ilifika na mi nitakuwa mwongo nikisema haikusaidia, tangu ilipozinduliwa Dodoma mwaka 2023 imezunguka mikoani, na huku wanasheria walikuja wakakaa, watu walijaa mpaka wengine walilala hapo hapo, nilichapa mpaka wino ukaisha. Lakini kampeni inakuja siku chache inaondoka, ugomvi wa shamba hauna ratiba ya kampeni. Hata Wiki ya Sheria, kila mwaka mwishoni mwa Januari mahema yanasimamishwa, mahakimu wanakuja wanaelimisha vizuri kabisa, mwezi wa pili mahema yanang'olewa, na mtu aliyeporwa shamba mwezi wa sita anaambiwa asubiri Januari? Tena huo umati uliojaa kwenye kampeni ndio ungewastua. Watu wanaolala nje wapate kuongea na mwanasheria dakika tano maana yake siku zote zile hawakuwa na pa kwenda.

Mtasema bajeti. Sawa, mi sikatai bajeti ni ndogo, najua mpaka karatasi za A4 mnakuja kukopa kwangu (deni la mwezi wa nane bado, nimelikumbusha kwa heshima). Ndio maana siombi jengo wala gari.

Mtasema mashirika ya kusaidia watu kisheria yapo. Yapo, Dar kuna LHRC, kuna TAWLA, kuna WLAC, Tanganyika Law Society, chama cha mawakili, nao mawakili wao wanajitolea, tunawasikia redioni na wamesaidia watu wengi. Lakini kutoka huku mpaka Dar ni siku nzima ya basi, na mtu ambaye 9,000 ya kuja mjini anaikopa kwa jirani hafiki Dar. Namba za simu za bure zikitajwa redioni nani anakuwa na kalamu shambani. Kazi ya ofisi ya wilaya ilikuwa ni kuwa kamba ya kumuunganisha huyu na yule, mtu aje hapo mumpigie simu mumwelekeze.

Mtasema wananchi hawana mwamko, hawafuatilii. Hili ndio limeniudhi kuliko yote kwenye ule mkutano wa mwezi wa saba, na aliyelisema alilisema anacheka. Mama amekuja mara nne. Mtu mwenye miaka zaidi ya 60, anaamka saa kumi usiku kuwahi noah, mara nne, alafu hana mwamko?

Na mtasema hii stesheneri inatafuta umaarufu, au inatafuta udiwani. Udiwani hapana, asanteni, mi hiki kibanda kinanitosha.

Basi ninachoomba ni hiki, na sio mimi peke yangu, wapo waliosoma barua hii kabla haijatoka wakasema ongeza na jina langu, nimewakatalia tu kwa usalama wao.

La kwanza, karatasi ukutani. Moja getini halmashauri, moja baraza la ardhi, moja Mahakama ya Mwanzo, moja kituo cha polisi, moja kila ofisi ya mtendaji wa kata, na ya zahanati msiisahau maana wamama ndio wanakoshinda. Iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida: msaada wa kisheria ni bure, ofisi ni chumba namba fulani, siku fulani na fulani, saa fulani, anayehusika cheo chake na simu ya ofisi, na wasaidizi wa kisheria wa kila kata ni hawa na wanapatikana hapa. Chini kabisa kwa herufi kubwa: ukiombwa hela toa taarifa, na pa kutoa taarifa patajwe. Na siku zile za rufaa ziandikwe, 45 na 30, watu wazione wakiwa wamekaa kwenye benchi wanasubiri kuitwa.

La pili, siku mbili kwa wiki mtu awepo. Chagueni wenyewe, mi ningesema Jumanne na Alhamisi kwasababu ndio siku baraza linakuwa na watu wengi, lakini mnajua zaidi. Afisa akienda semina amwache mwingine na daftari. Hata kama huyo mwingine hajui sheria, aandike jina, tatizo, tarehe ya hukumu, amuunganishe na msaidizi wa kisheria siku hiyo hiyo. Hilo daftari pia lina kazi nyingine ambayo labda hamjaifikiria, mtu akiomba kuongezewa muda wa rufaa ataweza kusema nilifika ofisi ya wilaya tarehe fulani, angalieni.

La tatu, wapeni wasaidizi wa kisheria meza. Ile ofisi ya kata yenye chumba kimejaa viti vibovu, toeni viti. Na nauli, hata kidogo, kwa siku wanazosindikiza watu.

La nne, mabaraza ya kata waitwe siku moja waelezwe mabadiliko ya 2021 wameruhusiwa nini na nini sio kazi yao tena. Chai na vitumbua vya siku hiyo haviwezi kuzidi vya kikao kimoja cha kawaida.

La tano linahusu lugha, nalo najua baraza haliko chini yenu, lina mlolongo wake. Lakini mheshimiwa DC unakaa nao vikao, waambie watu wanatoka pale na karatasi wasiyoweza kuisoma, na kati ya "imeondolewa" na "imetupiliwa mbali" kuna shamba zima la mikorosho.

Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Nimechagua 30 makusudi, ni zile zile wanazopewa walioshindwa Mahakama ya Mwanzo, tuone nyie na ofisi nzima na magari mnazitumiaje.

Kwa wanaouliza, yule mama ameshafungua mirathi, mzee ndio alimsindikiza, tarehe yake ni mwezi ujao. Korosho za msimu huu anaziokota yule aliyeuziwa, hizo zimeshapotea.

Hiyo karatasi ya ukutani nimeshaichapa, iko kwenye kompyuta yangu, saizi A3, nitaitoa nakala zote kwa gharama yangu na gundi nitaleta mwenyewe. Nimeacha nafasi tatu wazi: namba ya chumba, siku, na simu. Mkinipa hizo tu hata leo jioni, kesho asubuhi kabla baraza halijafunguliwa zitakuwa zimebandikwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dada wa stesheneri, kibanda cha bluu

Nakala:
Mtendaji wa Kata (asante kwa kuipandisha ile ya mwezi wa tano, nadhani imekwama kwenye ngazi)
Ubao wa matangazo wa halmashauri, upande wa kulia, pale penye tangazo la mnada wa 2022